Mwani wa nywele katika tangi la maji ya bahari: kwa nini kipimo kinasoma sifuri na bado unaota

*"Mwalimu, nina tangi la samaki la maji ya chumvi la lita 300 nyumbani kwangu Mombasa, na sasa lina miezi 14. Mawe yake niliyanunua kwa mtu aliyekuwa anafunga tangi lake. Ndani kuna samaki saba wadogo, matumbawe laini machache, na konokono wawili waliobaki kati ya sita. Tangu miezi minne iliyopita mawe yamefunikwa na mwani wa kijani, mrefu kama nywele. Kila wiki ninabadilisha asilimia 10 ya maji kwa maji ya bahari ninayoyachota karibu na daraja la Nyali, na yanayopungua kwa joto ninayajazia kwa maji ya kisima. Taa huwaka kwa muda wa saa 12. Nitrati inasoma 50 na fosfati inasoma sifuri, wiki baada ya wiki. Rafiki mmoja ameniambia niweke dawa ya kuua mwani inayotumika kwenye mabwawa ya kuogelea. Mwingine amesema nizime taa wiki nzima. Muuzaji wa samaki anataka ninunue tafi au kangaja ale majani yote. Nimechoka, na mke wangu ameshasema tuliondoe. Nifanye nini?"*

Pole kwa miezi minne ya kusugua mawe bila kuona tofauti. Nikiielewa barua yako vizuri, linalokuchosha si sura ya mwani peke yake, bali ni kwamba unarudia kazi ileile kila wiki, kipimo kinakuambia kuwa fosfati haipo, na bado mwani unastawi kana kwamba kuna mtu anaupalilia. Tangi lako halijaharibika na sioni sababu ya kuliondoa. Kwa yale uliyoyaandika, naona mwani huo unalishwa kupitia milango minne, yaani chakula, mawe, maji ya kisima na maji ya bahari, na yote imo mikononi mwako.

Kabla ya hayo kuna jambo la haraka: usiiweke ile dawa. Dawa nyingi za namna hiyo hutegemea shaba, na shaba hata kwa kiasi kidogo sana huua konokono, kamba na matumbawe. Kibaya zaidi ni kwamba haiondoki kwa kubadilisha maji tu, kwa kuwa hujishika kwenye mawe na mchanga, kisha huachiliwa taratibu kwa muda mrefu, hata ukashindwa kufuga konokono katika tangi hilo tena. Tuseme hata ingeua mwani bila kumdhuru mwingine, bado ungekuwa na shehena ya majani yaliyokufa yanayooza ndani ya lita 300. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 6 na nusu hivi kwa lita, pungufu kuliko maji yasiyo na chumvi ya joto lilelile, na bakteria wanaoozesha majani huitumia oksijeni hiyo kwa kasi. Nimewahi kuitwa asubuhi kwenye tangi lililotiwa dawa jioni, na samaki wote walikuwa juu ya maji wakihema.

Sasa tuitazame ile sifuri ya fosfati, kwa maana ndiyo inayokupoteza njia.

Vyakula vingi vikavu vya samaki vina fosforasi karibu asilimia 1 ya uzito wake. Ukitia gramu moja kwa siku, ambayo ni kijiko kidogo tu, unaingiza miligramu 10 za fosforasi, na zikigeuka fosfati zinakuwa kama miligramu 30. Zigawe kwa lita 300: unapata miligramu 0.1 kwa lita, kila siku. Samaki waliokwisha kukua hubakiza sehemu ndogo mwilini na nyingine hutoka kama kinyesi na mkojo. Kwa hesabu hiyo, baada ya mwezi mmoja kipimo chako kingepaswa kusoma 2 au 3. Kinasoma sifuri. Je, fosfati hiyo imekwenda wapi? Hewani haiendi, kwa sababu fosfati haigeuki kuwa gesi. Imo ndani ya mwani wenyewe na ndani ya mawe. Kipimo hupima kile kilichoachwa majini baada ya mwani kula, na mwani wenye njaa hauachi kitu. Ukiingia jikoni ukakuta sufuria tupu na watoto wameshiba, huwezi kusema kwamba hakikupikwa chakula. Tena baadhi ya vipimo vya rangi vya bei nafuu, alama ya kwanza baada ya sifuri ni 0.25, ilhali mwani wa nywele hunawiri hata kwenye 0.1. Sifuri ya kipimo cha aina hiyo inakuambia tu kwamba uko chini ya robo.

Mawe nayo yana habari yake. Mawe ya matumbawe ni kalisi kaboneti, na fosfati hupenda kujishika juu ya uso wake. Maji yakiwa na fosfati nyingi, mawe hunyonya. Maji yakipungukiwa, mawe huachilia. Wewe ulinunua mawe kutoka kwa mtu aliyekuwa anafunga tangi lake, nami sijui alilisha vipi, lakini mtu hufunga tangi mara nyingi baada ya kushindwa, na kushindwa kwenyewe mara nyingi ni huko. Inawezekana uliyanunua mawe pamoja na akiba yake ya miaka mingi. Ukitaka kuhakikisha, chukua jiwe moja dogo, lisugue, liweke katika ndoo yenye maji mapya ya bahari uliyoyapima kwanza, funika ndoo isiingiliwe na mwanga, weka pampu ndogo ya kuzungusha maji, na upime tena baada ya siku saba kwa kipimo kinachosoma hadi sehemu ya mia ya miligramu. Fosfati ikiwa imepanda, umempata mmoja wa walishaji.

Hii ndiyo sababu kubadilisha maji peke yake hakushindi fosfati: ukipunguza iliyomo majini, mawe hurudisha. Nitrati haina tabia hiyo, na kwa nitrati kubadilisha maji kunasaidia, lakini kuna hesabu ambayo wafugaji wengi hawaambiwi. Amonia inayotoka kwa samaki hugeuzwa na bakteria kuwa nitriti, kisha nitrati, na hapo safari inaishia katika matangi mengi. Tuchukulie tangi lako linazalisha miligramu 5 kwa lita kila wiki, na unatoa asilimia 10. Nitrati itapanda mpaka ifike mahali ambapo asilimia 10 yake ni sawa na zile 5 zinazoingia, yaani 50, na hapo itasimama hata ukiendelea miaka kumi. Kipimo chako kinasoma 50. Sidai kwamba tangi lako linazalisha 5 kamili, lakini umeona kwamba kusimama kwa kipimo hakuna maana ya kwamba hufanyi kazi. Kazi yako na uchafu unaoingia vimetoshana nguvu. Ukibadilisha asilimia 20 kwa uchafu uleule, kituo chake kinakuwa 25. Ukipunguza na uchafu kwa nusu, kinakuwa 12 na nusu. Mambo mawili ya kawaida yakifanywa pamoja hukuteremsha hadi robo ya ulipokuwa.

Ule uchafu hautoki kwenye chakula pekee. Maji ya kisima nayashuku sana. Katika miji yetu ya pwani visima vifupi hukaa jirani na vyoo vya shimo, juu ya mwamba wa matumbawe unaopitisha maji kwa urahisi, na nitrati ndani yake ni jambo la kawaida. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu 50 kwa lita katika maji ya kunywa, kwa hiyo maji yanaweza kuwa halali kwa kinywa chako na yakawa mbolea kwa mwani wako. Fikiri kwamba tangi linapoteza lita 4 kwa siku kwa mvuke. Mvuke hutoka ukiwa maji matupu na kuacha kila kitu nyuma. Ukijazia lita 28 kwa wiki zenye nitrati 30, umeongeza karibu miligramu 3 kwa kila lita ya tangi kabla samaki hajalishwa chochote. Pima kisima hicho leo kwa kipimo chako cha nitrati.

Badala yake tumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi, yaani unaosukuma maji kupitia utando unaozuia madini na chumvi. Huhitaji kununua mtambo: vituo vingi vinavyojaza madumu ya maji ya kunywa hutumia mitambo hiyo, ila vingine hurudisha madini mwishoni ili maji yapate ladha, kwa hiyo omba ujaziwe kabla ya hatua hiyo. Kipima madini kidogo cha mkononi kitakutoa wasiwasi. Maji mazuri husoma chini ya 10. Wengine huniuliza kuhusu maji ya mvua. Yangefaa sana kama yasingepitia kwenye mabati, lakini mabati yamepakwa zinki, na zinki haifai kwa konokono wala matumbawe.

Kuhusu maji ya bahari, nakuomba uhame pale daraja la Nyali. Mkono wa bahari wa Tudor hupokea maji taka ya mji, na maji yakipwa ndiyo yanayopita hapo yakitoka ndani. Bahari ya wazi ni hazina ambayo mfugaji wa Ulaya anainunua kwa unga wa chumvi wa bei kali, lakini ina nyakati zake. Chota maji yakiwa yamejaa au yakikaribia kujaa, siku za bamvua kama unaweza, upande unaotazama bahari kuu, mbali na mdomo wa mto au mtaro. Wakati wa kaskazi maji huwa meupe na tulivu. Wakati wa kusi huchafuka, na baada ya mvua kubwa za masika ningesubiri siku kadhaa, kwa kuwa mvua huteremsha mbolea, vyoo na tope vyote baharini. Chuja kwa kitambaa kizito, yaweke gizani siku chache huku pampu ikiyazungusha, kisha upime chumvi na nitrati kabla ya kuyatumia.

Bado hatujafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito sawa na maji. Mwamba wa baharini haukosi mwani kwa sababu ya maji safi peke yake. Mwani huota pale kila saa, na kila saa unaliwa. Mwaka 1983 ugonjwa ulianza kuwaua wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, jamii ya Diadema, katika Bahari ya Karibi karibu na mfereji wa Panama, na ndani ya mwaka mmoja hivi ulikuwa umeua zaidi ya asilimia 90 yao katika eneo lote hilo. Kule Jamaika, ambako samaki wala majani walikuwa wameshavuliwa kupita kiasi na kimbunga cha 1980 kilikuwa kimevunja miamba, viumbe hao ndio waliokuwa wamebaki kulisha juu ya mawe. Walipotoweka, mwani ulifunika kila kitu: matumbawe hai yaliyokuwa zaidi ya asilimia 50 mwishoni mwa miaka ya 1970 yalishuka chini ya 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bahari nzima ilishindwa na mwani ilipokosa walaji. Tangi la lita 300 lenye konokono wawili limekosa walaji vilevile.

Kwa hiyo muuzaji wako hakukosea wazo, alikosea mnyama. Tafi hula mwani kweli, lakini akikua hupita sentimita 30, na miiba yake ina sumu inayouma vibaya mtu anaposafisha tangi. Kangaja wengi huhitaji nafasi ya kuogelea ambayo tangi lako halina. Utamweka akiwa mdogo, atahangaika akikua, na samaki mkubwa hula sana na hutoa uchafu mwingi, hivyo utakuwa umeongeza mdomo na mbolea pamoja. Halafu wengi wao hawagusi mwani ulioshakuwa mrefu, wanapenda machipukizi. Ningekushauri konokono wa jamii ya Trochus na Turbo, jumla wafike kumi hadi kumi na tano, ukiwaongeza watatu watatu kila baada ya wiki mbili. Trochus wakianguka chali hujigeuza wenyewe; Turbo hula zaidi lakini akianguka mara nyingi hubaki hapo mpaka afe, kwa hiyo mpitie asubuhi. Kaa wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono husaidia kidogo, ila huwaua konokono ili wachukue magamba yao, na kwa sababu hiyo mimi siwapendekezi kwako.

Wale konokono wanne waliokufa wana ujumbe pia. Konokono hawavumilii chumvi inayopanda na kushuka. Kama hujazia maji kila siku bali unasubiri yapungue sana ndipo umimine ndoo nzima, chumvi yao inayumba. Jazia kila siku, kidogo kidogo, na ushikilie chumvi ya 35 kwa elfu. Mgeni mpya mzoeshe kwa kudondoshea maji ya tangi katika chombo chake kwa muda wa saa moja au zaidi. Na tafadhali usiende kuwaokota katika hifadhi za bahari kama ile ya Mombasa au Kisite. Huko hairuhusiwi kuchukua chochote, kiwe hai au kimekufa.

Kabla ya kuanza kazi, hakikisha kwamba ulichonacho ni mwani wa nywele kweli. Ukiuvuta unatoka kwa nyuzi ndefu zinazokatika, rangi ya majani mabichi. Kama kila uzi una matawi madogo pande mbili mithili ya unyoya, hiyo ni Bryopsis, ambayo konokono wengi huikwepa, nayo ina matibabu yake tofauti. Kama ni utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kama ngozi ya maziwa, si mwani bali ni bakteria. Vumbi la kahawia kwenye mchanga wa tangi jipya huondoka lenyewe baada ya wiki kadhaa. Ule wa kuogopwa ni ute wa kahawia wenye mapovu, unaopungua usiku na kurudi mchana, huku konokono wakifa bila sababu. Huo hutokea zaidi pale nitrati na fosfati zinapokuwa zimeisha kabisa, na nitaurudia.

Sasa kazi yenyewe. Anza kwa mikono, na usiione kuwa ni kazi duni. Gramu 100 za mwani uliokamuliwa, zikikaushwa, hubaki kama gramu 10, na tukichukulia kwamba asilimia 3 ya hizo ni naitrojeni, umetoa naitrojeni inayolingana na nitrati miligramu 4 kwa lita katika tangi lako. Hiyo ni karibu uchafu wa wiki nzima kwa hesabu ile ya juu, na umeondoa fosfati pamoja nayo. Zima pampu, funga mswaki kwenye ncha ya mpira wa kunyonyea maji, sugua huku mpira ukinyonya, ili vipande viende kwenye ndoo na visisambae kuota kwingine. Yale maji yanayotoka ndiyo asilimia 20 yako ya wiki hiyo. Mawe yanayotoka kirahisi yasugue nje, ndani ya ndoo ya maji ya tangi, kamwe si chini ya bomba. Mahali sugu, ambapo hapana tumbawe, unaweza kupaka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa maduka ya dawa, uache dakika chache jiwe likiwa nje ya maji, kisha suuza kwa maji ya bahari na urudishe. Mwani utapauka ndani ya siku chache na konokono wataumalizia. Usiimimine tangini kwa kukisia. Kamba huathirika nayo haraka.

Hapa niweke onyo ambalo halihusu samaki bali wewe. Baadhi ya matumbawe laini, yale yenye vichwa kama vifungo vya shati vilivyokaa pamoja, hubeba palitoksini, ambayo ni mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana. Yakiwa juu ya jiwe, vaa glavu na miwani, usilisugue likakurukia usoni, na usilichemshe jiwe hilo kwa vyovyote, kwa kuwa mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini.

Taa zipunguze ziwe za saa 8, na kama jua la dirishani linagonga kioo, weka pazia. Kuzima wiki nzima sikushauri. Giza la siku tatu hufaa dhidi ya utando wa bakteria, lakini mwani wa nywele hurudi, kwa sababu chakula chake bado kipo, na wiki nzima ya giza huyatesa matumbawe kuliko inavyoutesa mwani. Mwanga ni jua la shamba. Ukiupunguza unapunguza kasi, lakini udongo wenye mbolea unabaki kuwa na mbolea.

Chakula kipunguze kwa nusu. Samaki saba wadogo hutosheka na kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Kama unatumia chakula kilichogandishwa, kiyeyushe ndani ya kichujio cha chai, suuza, na ule mchuzi umwage, kwa maana hubeba fosfati. Sponji na vitambaa vya kuchujia vioshe kila baada ya siku tatu. Uchafu ulionaswa kwenye sponji bado umo ndani ya maji, umebadilisha mahali tu. Kama huna skima ya kutoa povu, hicho ndicho kifaa cha kwanza ambacho ningekinunua, kwa sababu huondoa uchafu kabla haujaoza.

Kama jaribio la ndoo litaonyesha kwamba mawe yanaachilia fosfati, tumia chembechembe za oksidi ya chuma, ambazo hunasa fosfati, ndani ya mfuko au chujio linalopitisha maji taratibu. Anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Zitachoka upesi mwanzoni, kwa kuwa mawe yatazilisha, na utazibadilisha mara tatu au nne kabla hayajatulia. Watu wengi hukata tamaa baada ya pakiti ya kwanza na kusema hazifanyi kazi. Wenye tangi la chini, yaani tangi la pili linalokaa chini ya lile kuu na kupokea maji yake, hufanya jambo ninalolipenda zaidi: huotesha mwani mzuri kwa makusudi, Chaetomorpha, kwenye chumba chake chenye taa yake inayowaka usiku, na kila wiki huvuna konzi. Wakulima wa mwani wa Zanzibar, waliolianza zao hilo kibiashara mwaka 1989, wanalijua hili bila kufundishwa: ukivuna mwani umevuna na kilichoulisha. Taa za miale ya urujuanimno ziache, maana huua mwani unaoelea tu, na wako umeshika mawe. Kumwaga siki ili kulisha bakteria ni njia ya kweli, lakini huvuta oksijeni, na katika nyumba ambayo umeme hukatika bila taarifa mimi nisingeianza.

Usitarajie mabadiliko ya wiki mbili. Mwezi wa kwanza utavuna sana na utaona kama unarudi nyuma. Katika wiki ya sita hivi nyuzi huanza kuwa fupi, zinapauka, zinatoka kirahisi. Wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili, konokono wanakuwa wanatosha. Nitrati na fosfati zinaweza hata kupanda kidogo katikati ya safari, kwa sababu mwani unaokufa unaacha kula. Usiogope, endelea kuvuna. Lengo lako liwe nitrati kati ya 2 na 10 na fosfati kati ya 0.03 na 0.1. Usikimbilie sifuri ya kweli, kwa kuwa matumbawe nayo hula, na maji yaliyonyang'anywa kila kitu ndiyo yanayoukaribisha ule ute wa kahawia nilioutaja.

Kuna hali ambazo maandishi hayatoshi na unahitaji mtu wa kuliona tangi. Samaki wakihema juu ya maji, usisubiri jibu la mtu: ongeza hewa, badilisha maji, kisha mwite mfugaji mzoefu au daktari wa wanyama anayejua samaki siku hiyohiyo. Konokono wapya wakifa wote ndani ya siku mbili ilhali chumvi ni sawa, maji yapimwe shaba kwenye maabara ya maji. Ukiona ute wenye mapovu, mtafute mwalimu wa biolojia au chuo chenye hadubini kabla ya kubadilisha chochote, kwa kuwa matibabu yake ni kinyume cha haya niliyokuandikia. Na mtu yeyote nyumbani akipata ladha ya chuma mdomoni, kikohozi, kubanwa kifua au maumivu ya macho baada ya kazi ya mawe, aende hospitali mara moja na aseme wazi kwamba ameshika matumbawe.

Utakapomwendea mtaalamu, mpelekee chupa mbili safi zilizojazwa mpaka kwenye mdomo, moja ya maji ya tangi na nyingine ya maji unayojazia, pamoja na kishungi cha mwani ndani ya maji yake, na karatasi yenye tarehe za kubadilisha maji, kiasi cha chakula na vipimo vyote vya wiki nne. Anza kuiandika karatasi hiyo leo, kwa kipimo cha kisima.